CHOKAA MAHALI PASIPO PAKE
Mazungumzo ya kamati ya afya, yaliyosomwa Kisongo siku ya kikundi kutimiza miaka kumi



 Mwenyekiti alipotuagiza kwamba kamati ya afya nayo iandae maneno ya siku ya leo, alitupa dakika ishirini na akatuonya tusigeuze sherehe kuwa mkutano wa hadhara. Tutajitahidi, maana hata sisi tunasikia harufu ya pilau.

Mtajiuliza kwa nini siku ya furaha tumekuja na habari za mawe. Sababu ni hii. Wakati wa kutayarisha kijitabu hiki tulipewa kazi ya kupitia madaftari ya mfuko wa jamii tangu siku sanduku letu lilipofungwa kufuli tatu kwa mara ya kwanza. Humo mna mambo mengi: misiba, uzazi, mtoto kuungua uji, paa kuezuliwa na upepo. Lakini kuna neno moja ambalo makatibu wote waliopita wameliandika, kila mmoja kwa mwandiko wake: "mawe". Mama fulani, mawe ya figo. Mwingine, mawe ya nyongo. Mwingine, "mgongo na shingo, anaambiwa ni mawe". Mwingine, "dawa ya kusafisha mawe", na siku hiyo fedha iliyotoka haikuwa kidogo.

Tukaanza kuulizana, tukaenda kuuliza na kwa wataalamu. Tukakuta kwamba neno hilo moja limebeba magonjwa manne au matano ambayo hayana undugu, na kila moja lina njia yake. Kwa hiyo fedha ya mfuko imekuwa ikienda mahali ambapo haiponyi. Na jambo lililotuuma zaidi ni kwamba ziko nyumba hapa hapa ambamo watoto wamenyimwa maziwa kwa sababu ya neno hilo. Eti maziwa yana chokaa, na chokaa ndiyo inayofanya mawe. Maziwa yote yanauzwa asubuhi, mtoto anakunywa chai ya rangi. Leo tumekuja kuyatetea maziwa, na kumtaja mshitakiwa halisi.

Tuanze na chokaa yenyewe. Wataalamu wanaita madini haya kalsiamu. Mwili wa mtu mzima unayo kiasi cha kilo moja hivi, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Hicho kidogo kinachobaki kiko kwenye damu na kwenye nyama, na bila hicho moyo haupigi sawasawa, misuli haikazi, jeraha halikauki damu. Damu inataka kiwango chake kile kile mchana na usiku. Usipokula chokaa ya kutosha, mwili unakwenda kukopa kwenye mifupa. Sisi wana hisa hilo tunalielewa bila kufundishwa. Mifupa ndiyo sanduku, na ukikopa kila wiki bila kurejesha, siku ya kuvunja sanduku unakuta hakuna kitu. Ndiyo mifupa ya koko anayevunjika nyonga kwa kuteleza tu mlangoni.

Sasa, taabu inakuja pale chokaa inapoganda mahali pasipo pake. Na tusiogope, maana mara nyingine haina neno. Ule ukoga mgumu unaoshika nyuma ya meno ya chini, usiotoka hata kwa mswaki, ni chokaa iliyoganda. Watu wengi wanao. Aliyewahi kuugua TB akapona, picha ya eksirei inaweza kuonyesha vidoa vyeupe kwenye mapafu, navyo ni chokaa, ni kovu tu la vita iliyokwisha. Kwa wenzetu wa pwani na wa Kanda ya Ziwa, kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi bila dawa kinaweza kuacha ukuta wa kibofu umekakamaa kwa chokaa. Hapo si jambo la kupuuza. Mwenye ndugu huko amwambie akapime mapema, maana dawa ya kichocho ipo na ni rahisi.

Tuje kwenye figo. Mawe ya figo ni ya zamani sana. Katika makaburi ya kale ya Misri lilipatikana jiwe la kibofu cha mkojo la zaidi ya miaka elfu sita. Yanatokea hivi. Figo zinachuja damu na kutoa taka kwenye mkojo. Mkojo ukiwa mwingi na mwepesi, taka zinayeyuka na kutoka. Mkojo ukiwa mchache na mzito, taka zinashikana, kama chumvi inavyobaki kwenye sufuria maji yakikauka. Kwa watu wengi jiwe ni chokaa iliyoshikana na kitu kinaitwa oksaleti, ambacho kiko kwenye mboga na vyakula kama mchicha, spinachi, karanga na majani ya chai. Jiwe dogo chini ya milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe, ingawa aliyelitoa atakuambia uchungu wake na wa kuzaa ni majirani. Jiwe kubwa linahitaji hospitali. Hapa Kaskazini tuna bahati ya kuwa karibu na KCMC ya Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo ina madaktari bingwa wa njia ya mkojo.

Akina mama wa Kisongo tunatengeneza mkojo mzito kwa makusudi, na hapa tuseme ukweli. Ukienda mnadani kuuza, au ukikaa barabarani na ndoo yako ya maziwa tangu alfajiri, hunywi maji. Hunywi kwa sababu ukinywa utatafuta choo, na choo cha mwanamke hakuna. Jua la Kisongo mnalijua, na vumbi lake. Mtu anarudi nyumbani saa kumi na moja jioni, tangu asubuhi amekwenda haja ndogo mara moja. Kwa maoni yetu choo cha sokoni ni dawa ya figo kuliko chupa zote zinazouzwa hapo, na tunaomba viongozi wa kijiji mliopo mlipokee hilo.

Halafu maziwa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanaume zaidi ya 45,000. Wakati huo hata madaktari walikuwa wakiwaambia wenye mawe waache maziwa. Ikaonekana kinyume: waliokula chokaa nyingi katika chakula ndio waliopata mawe kidogo. Mwaka 1997 wakatoa uchunguzi mwingine wa wanawake zaidi ya 90,000, ikawa vile vile. Sababu ni nyepesi. Chokaa ya kwenye maziwa inakutana na ile oksaleti humo humo tumboni, inaishika, na vyote viwili vinatoka chooni. Ukiondoa maziwa, oksaleti inapita peke yake hadi kwenye figo na kukutana na chokaa huko. Kwa hiyo mchicha uliopikwa kwa maziwa, na loshoro yetu yenye mtindi, ni vyakula vya busara. Kinachoongeza mawe ni chumvi nyingi, na kutokunywa maji. Vidonge vya chokaa vya kununua tu dukani ni habari nyingine, usimeze ovyo. Lakini mama mjamzito aliyepewa kliniki asiviache.

Mawe ya nyongo tutayapitia haraka, kwa sababu hayo mengi si ya chokaa kabisa. Mengi yanatokana na mafuta ya kolesteroli yanayoganda kwenye kifuko cha nyongo, chini ya ini. Wanawake tunayapata kuliko wanaume, hasa tuliozaa mara nyingi na tulionenepa. Wenye ugonjwa wa selimundu wanapata ya aina yake, hata wakiwa vijana. Wengi wanaishi nayo bila kujua. Yakisumbua, dawa yake ni kuondoa kifuko kwa upasuaji. Hakuna juisi inayoyayeyusha.

Na hapa tusimame kidogo, maana fedha yetu ilipotelea hapa. Kuna wanaopita na dawa ya "kusafisha mawe". Unafunga kula, unakunywa mafuta ya kula na maji ya malimau usiku, asubuhi unakwenda chooni na kweli unatoa vidonge vya kijani, laini, vingi. Mtu anaviweka kwenye mfuko kuwaonyesha majirani. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand walipelekewa vidonge vya namna hiyo na mwanamke mmoja, wakavipima maabara. Havikuwa mawe ya nyongo. Ilikuwa sabuni: mafuta yale yale aliyoyanywa, yakachanganyika na limau na maji ya tumbo lake, yakawa vipande vya sabuni. Na yakikaa kwenye joto yanayeyuka. Jiwe haliyeyuki juani, jamani! Mwenzetu mmoja aliuza mtamba kwa ajili ya dawa hiyo, akachukua na mkopo juu yake. Mkopo ameumaliza kwa heshima, lakini mawe yake bado anayo. Picha ya ultrasaundi imeyaonyesha yamekaa pale pale.

Tumesema kunywa maji. Lakini kwa watu wa mlima Meru huwezi kumwambia mtu anywe maji mengi bila kumwuliza kwanza: maji gani?

Tufike sasa kwa wale walioandikwa "mgongo na shingo". Hawa ndio waliotufanya tuombe nafasi ya leo. Hawana jiwe popote. Asubuhi mgongo haukunjiki. Shingo haigeuki, mpaka ageuke mwili mzima kama mtu aliyebeba debe kichwani. Mikono hainyooki vizuri. Kwenye eksirei mifupa inaonekana myeupe kupita kawaida, na kano zinazofunga mfupa na mfupa zimeingiwa na chokaa, na vijiba vya mfupa vimeota pembeni ya uti wa mgongo. Ikiendelea sana, uti unabanwa na miguu inapooza. Huyo hakurogwa, na wala hakukalia jiwe la baridi. Ni floraidi.

Mlima Meru ni volkano. Una mita 4,566, na ulitoa majivu kidogo mara ya mwisho mwaka 1910 hivi. Mawe yake na majivu yake ya kale yana floraidi, na maji yanayopita humo chini yanaiyeyusha na kuja nayo. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Huko upande wa mashariki wa mlima, mto Maji ya Chai na chemchemi za Ngare Nanyuki vimepimwa vikakutwa na zaidi ya miligramu 10, kwingine zaidi ya 20, na maziwa ya Momella, yale yenye flamingo, yana mamia. Nchi yetu yenyewe, kwa kuwa maji ni ya shida, iliweka kipimo cha muda cha miligramu 8 kwa vijijini mwaka 1974. Kikaja kushushwa hadi 4, na baadaye 1.5. Hebu fikirini watoto waliozaliwa miaka hiyo ya 8: ndio sisi tuliosimama hapa.

Floraidi kidogo inaimarisha jino. Ikizidi, inapenda chokaa kuliko kitu chochote, inaifuata popote ilipo. Kwa mtoto inaingia kwenye jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya fizi, tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi. Jino linaota likiwa na mabaka meupe kama chaki, halafu ya kahawia, wengine linamomonyoka. Huo si uchafu. Tunasema hivyo kwa sauti kwa sababu tumewaona mabinti zetu wakisugua kwa mkaa na mchanga hadi fizi zinatoka damu, na tumewaona wakicheka kwa kuziba mdomo. Ukienda Dar es Salaam mtu anakutazama meno kabla hujasema lolote anakuuliza, "Wewe wa Arusha?" Tunacheka nao, lakini binti wa miaka kumi na saba hacheki.

Kwa mtoto ambaye chakula chake hakina chokaa ya kutosha, floraidi inashuka hadi miguuni. Miguu inapinda, mwingine matege, mwingine magoti yanagongana. Vijiji vya upande wa Maji ya Chai na uwanda wa Hai wameliona hili kwa macho. Kwa hiyo yule mama aliyeficha maziwa ili mtoto asipate mawe anamwondolea ngao yake. Mtoto huyo maji anakunywa yale yale, na maziwa hapati. Maziwa hayana kesi, akina mama. Tuuze, ndiyo, ada za shule zinatoka huko, lakini kikombe cha mtoto kiondolewe kabla ndoo haijatoka nje ya lango.

Na maji si peke yake. Kuna magadi. Tunajua hapa tunagusa sufuria za watu. Maharage ya magadi yanaiva upesi na kuni zinapungua, na makande bila magadi wengine mnasema si makande. Lakini magadi yanayookotwa kwenye ardhi yetu ya volkano, na mengine yanayotoka upande wa ziwa Natron, yamekutwa na floraidi nyingi sana, mengine kuliko hata maji tunayoyalalamikia. Ndiyo sababu kuna watu wanaokunywa maji mazuri na watoto wao wana meno ya kahawia. Mtoto wa miezi minane anasongewa kiborori cha ndizi na maharage ya magadi kila siku, na meno yake ya ukubwani ndiyo yanaumbwa wakati huo huo. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji yake, pika na maji mengine. Kuni zitapungua karibu vile vile. Koko mmoja wa kikundi hiki, hatutamtaja, alituambia yeye magadi hataacha kwa sababu amekula miaka themanini. Sawa, koko, wewe endelea. Ila sufuria ya mjukuu iwe mbali.

Sasa tufanyeje? Kwanza yale yasiyosaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu, na lazima tuendelee kuchemsha kwa ajili ya kuhara na taifodi, lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, iliyobaki inazidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Kuchuja kwa kitambaa ni kazi bure.

Yanayosaidia yapo. Kule Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo ambacho kwa miaka mingi kimefanya utafiti wa kuondoa floraidi, na kazi yao inayojulikana ni ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa namna yake, inasagwa chenga, maji yanapitishwa humo. Floraidi ikiona ile chokaa ya mfupa inang'ang'ania humo badala ya kuja kung'ang'ania kwako. Mnaona ni kitu kile kile kinachotuumiza, kimegeuzwa kazi. Ubaya wake ni kwamba mkaa unachoka, usipobadilishwa unakuwa pambo tu. Hapa Arusha pia Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la maji ambalo mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya kwanza kabisa ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Machujio ya namna hiyo yanaweza kupangwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali, floraidi ikiwemo. Na mji wenyewe wa Arusha ulipata mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ukachimba visima mbali hadi Hai kutafuta maji yenye floraidi kidogo. Mwenye bomba la mamlaka ana haki ya kuuliza kipimo cha maji yake, na aulize.

Lakini kwetu, mama ambaye bomba halijamfikia, au linatoka siku mbili kwa wiki, kamati inaona njia ya karibu ni juu ya bati lake. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba. Floraidi yake ni karibu na hakuna. Tumepiga hesabu kama tunavyopiga hesabu za hisa. Nyumba ya mita saba kwa sita, mvua ikinyesha milimita 10 tu, bati linamwaga zaidi ya lita 400, hata ukitoa zinazopotea una lita 300 na kitu. Familia ya watu sita kwa kunywa na kupika peke yake inahitaji kama lita 20 kwa siku. Tenki la lita 5,000 linakaa siku 250. Masika yakiwa ya kawaida linajaa na kumwagika, na vuli inaongeza. Mwaka wa ukame halitajaa, hatutadanganyana. Maji ya kufua, ya kuoga na ya ng'ombe yaendelee kutoka kisimani, na hayo ya tenki yasiguswe na mtu wa kuosha pikipiki. Mvua ya kwanza imwagwe, ioshe bati na mavi ya ndege. Tenki liwe na kifuniko na wavu. Ya kunywa yachemshwe.

Hatutawaahidi kwamba mgongo uliokwisha kukakamaa utalainika. Dawa ya kuitoa ile chokaa kwenye kano hakuna. Lakini ukiacha kuongeza, mwili unaipunguza floraidi polepole kwa mkojo, na ugonjwa unaweza kusimama pale ulipo. Na mtoto ambaye hajaota meno ya ukubwani bado hajachelewa. Huyo ndiye tunayemwombea fedha.

Kwa hiyo mheshimiwa mwenyekiti, maombi ya kamati ni haya, na tunaomba yaingizwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Mfuko wa jamii usitoe tena shilingi kwa ajili ya "mawe" mpaka mwanachama alete karatasi ya hospitali inayosema ni mawe gani na yako wapi. Isipokuwa dharura: mwenye maumivu ya kiuno pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo uliokatika, au macho ya njano na maumivu chini ya mbavu za kulia, huyo apelekwe saa ile ile hata usiku, na sanduku lifunguliwe, karatasi itafuata. Pili, mwaka huu wa kumi na moja kianzishwe mkopo wa tenki na mifereji ya bati, wenye riba ndogo kuliko ya biashara, na wa kwanza kupata wawe wenye mtoto chini ya miaka minane nyumbani, bila kuangalia nani ana hisa nyingi. Tunajua wenye hisa nyingi watanung'unika. Wanung'unike, ila wapige kura.

La mwisho ni la wiki hii hii. Kabla ya kununua chochote tupime visima vyetu, maana visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana kabisa, na huenda kuna kizuri katikati yetu tunakipita kila siku kwenda kwenye kibaya. Kamati itapeleka maji kwenye maabara ya ubora wa maji mjini. Kila mwenye kisima au anayechota mahali pake alete lita moja Jumatatu asubuhi kwa katibu. Iwe chupa ya plastiki, si ya kioo, na isiwe iliyokuwa na soda au mafuta. Isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale ya kisima kabla ya kujazwa, na jina la mahali liandikwe kwa nje.